Pafu la Kisu na Pafu la Mionzi

Siku daktari alipoiweka picha ya kifua changu kwenye ubao wa taa, chumba kilikuwa kimya kabisa, na katika ukimya ule tumbo langu likalia. Halikulia kama tumbo la mtu mwenye njaa. Lilitoa ile sauti ambayo watu huitoa chooni, mlango umefungwa, na mimi sikuwa na uwezo wa kuizuia. Tangu mwaka uliotangulia njia yangu ya haja kubwa ilikuwa imehamishiwa tumboni, upande wa kushoto, ikaishia kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa chini ya gauni.

Daktari alikuwa akionyesha kwa ncha ya kalamu doa jeupe kwenye pafu la kulia, dogo kama punje ya mahindi. Mume wangu alikuwa amejiinamisha kulitazama. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimeukandamiza mkoba wangu juu ya tumbo, namwomba Mungu mfuko ule usijae hewa tena hadi tutoke.

"Mama, umenielewa?" daktari akauliza.

"Nimeelewa, daktari."

Sikuwa nimeelewa kitu. Ni mume wangu aliyenieleza tulipokaa kwenye benchi la nje, pale hospitali ya rufaa Moshi, watu wakipita na mafaili yao. Alisema saratani ya utumbo niliyokatwa ilikuwa imepeleka mbegu zake kwenye pafu. Alisema polepole, akitazama viatu vyake. Nilimjibu kwamba nahitaji choo kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo. Nilifika Karatu miaka ya tisini, wakati hoteli za watalii zilipokuwa zikiongezeka kando ya barabara ya Ngorongoro, nikapata kazi ya kuoka mikate kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta. Kule juu kuna ukungu na baridi ya kuumiza vidole, na hewa ni nyepesi kiasi kwamba mgeni akipanda ngazi akiwa na begi husimama katikati kuhema. Sisi tulikwisha kuizoea. Mume nilimpata Rhotia, kijiji cha huko huko Karatu. Ni Mwiraqw, mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache hata katika lugha yake mwenyewe. Nilikuwa nikikaa juu kazini, siku za mapumziko nashuka nyumbani.

Ugonjwa ulianza kwa damu chooni. Kwa mwanamke wa makamo, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya, hilo si jambo la kusimulia. Lilipokwisha kusemwa, nilipelekwa Moshi, wakakata sehemu ya mwisho ya utumbo na kuziba njia ya zamani moja kwa moja. Nilipozinduka niliona kile kidude chekundu kimechomoza tumboni kama mdomo, nikageuza uso ukutani.

Siku chache baadaye wanajumuiya wa kanisa letu walisafiri kutoka Rhotia kuja kunitazama. Walijipanga kuzunguka kitanda, akina mama kwa akina baba, mwenyekiti wa jumuiya akiwa miguuni kwangu, wakaanza kuimba. Katikati ya ubeti wa pili mfuko ulibanduka. Nilihisi ujoto ukishuka ubavuni, kisha harufu ikatoka. Nilijifunika shuka hadi kidevuni, lakini harufu haifunikwi. Mama mmoja alijiziba pua kwa ncha ya khanga, akagundua kwamba nimemwona, akaishusha khanga na kuendelea kuimba kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyeacha kuimba. Walimaliza beti zote, wakasali, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaondoka. Wema wao ule ndio ulioniumiza. Laiti wangekimbia, ningeweza kuwakasirikia.

Tangu hapo nilijificha. Kazini niliomba nisipangwe tena kupeleka mikate mezani, nibaki nyuma karibu na oveni, ambako harufu ya hamira na ngano inameza harufu nyingine zote. Kanisani sikwenda. Kwaya niliiacha. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, alinikuta siku moja nyuma ya nyumba nafua vitambaa vyangu vya kukingia mfuko unapovuja, akavitazama, akaniambia, "Leta mimi nafua." Nilivikumbatia vile vitambaa vikiwa vimelowa hivyo hivyo, nikaingia navyo ndani.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo tuliporudi kwa daktari kuzungumza kuhusu lile doa. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeongea kama mwalimu.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni upasuaji. Dar es Salaam wapo wanaofungua kifua. Wanapita katikati ya mbavu, wanakata kipande chenye doa, wanashona. Faida yake ni kwamba kinachokatwa kinakwenda maabara, tunajua kwa hakika ni nini na kama kimetoka chote. Hasara yake ni maumivu, kulazwa, na pafu kupungua kidogo. Ya pili ni mionzi ya kulenga. Si ile ya kuchoma eneo pana. Hii inalipiga doa lenyewe kutoka pande nyingi, kwa nguvu kubwa, mara chache tu, na mgonjwa anatoka kwa miguu yake. Ila hapa nchini hatuna. Ni mpaka India, na kuisubiri rufaa."

"Ipi inaponya zaidi?" mume wangu akauliza.

Daktari alivua miwani akaishika mkononi. "Ningependa kukupa jibu. Waliopasuliwa huonekana wanaishi muda mrefu zaidi. Lakini madaktari wa upasuaji huchagua wagonjwa wenye nguvu, na mionzi huachiwa wazee na waliochoka. Sasa hapo unalinganisha tiba, au unalinganisha watu? Kuzipima sawasawa, kwa wagonjwa wa hali moja, bado hatujafika huko."

"Nataka mionzi," nikasema.

Wote wawili walinigeukia. Nilikuwa sijaongea tangu tuingie.

"Kwa nini, mama?"

"Naogopa kisu."

Haikuwa kisu. Nilikuwa naiona wodi, shuka, mikono ya manesi vijana ikinivua na kunipangusa, na mlangoni watu wa Rhotia wamefika na chupa za chai kuja kuimba. Nilifikiri mionzi ni kitu cha kusimama nguo zikiwa mwilini, kama picha ya eksirei. Kwa hiyo nilikuwa tayari kusubiri miezi, saratani ikiwa kifuani, ili mradi nisivuliwe nguo. Niliporudi kazini wazo hilo halikunisumbua hata kidogo. Nililiona la busara.

Aliyenitikisa ni askari wa hoteli, Mmasai wa huko huko Ngorongoro, aliyekuwa akija mlangoni kwa oveni asubuhi kuota moto na kunywa chai. Alinisikia nikimwambia mpishi mwenzangu kwamba mtu akikatwa pafu hawezi tena kuishi mahali pa baridi na juu kama pale. Aliweka kikombe chini, akaondoa shuka begani. Kovu lake lilianzia chini ya chuchu likazunguka hadi mgongoni.

"Nyati," alisema. "Walinifungua hapa, wakatoa kipande kilichoharibika. Nashuka kreta na ng'ombe, napanda nao."

"Huumwi?"

"Baridi ikija, mbavu zinauma. Kupanda napumzika mara mbili, zamani sikupumzika."

Mpishi mwenzangu alipotoka nilimuuliza yule askari jambo ambalo lilinitoka kabla sijalifikiria. "Na hospitali, nani alikuosha?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Wa rika langu. Tulitahiriwa pamoja. Tutafichana nini?"

Akafunga shuka yake akaenda zake lindoni. Mimi nikabaki na unga mikononi, uso ukiniwaka. Nilimwonea wivu mtu aliyechanwa na nyati.

Safari iliyofuata kwenda Moshi nilimwambia daktari ukweli. Nilikuwa nimepanga kuusema mume wangu akiwa nje, lakini alikuwa amekaa pale, na maneno yakatoka. Nilisema siogopi kisu. Nilisema mfuko wangu unavuja kila mara, nanuka, na siwezi tena kulala mbele za watu.

Daktari hakunifariji. Aliuliza tu, "Unavuja tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Alinyanyuka akamwita nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya juu. Nesi alinipeleka nyuma ya pazia, akafunua, akacheka kidogo bila ubaya. Tundu la ule mfuko nilikuwa nalikata kubwa kupita kiasi, na ngozi iliyobaki wazi ilikuwa imeungua hadi gundi haishiki. Hakuna aliyenionyesha vizuri, au walinionyesha wakati nimegeukia ukutani. Alinipimia kwa kipande cha karatasi, akanifundisha kukata na kukausha. Siku ile nilisafiri kutoka Moshi hadi Karatu bila kuvuja. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi kama mkoma kwa sababu ya kitu kilichohitaji mkasi, na kuulizia nilishindwa. Kwenye basi niliona aibu kuliko siku ile wanajumuiya walipokuwa wakiimba.

Pumzi yangu ilipimwa kwa kupuliza kwenye mpira wa mashine, ikaonekana nzuri. Daktari alisema doa liko pembeni mwa pafu, mahali pepesi kukata, na angependa maabara walione. Nikakubali kisu.

Dar es Salaam walinifungua ubavu wa kulia. Maumivu yake sitayapamba: kila nilipokohoa niliona nyota, na kukohoa ilikuwa lazima, kwa sababu anayebana kikohozi pafu hujaa maji. Mpira ulitoka ubavuni ukaingia kwenye chupa iliyokaa sakafuni, ikitoa mapovu kila nikipumua. Manesi walinivua, wakanipangusa, wakabadilisha mfuko, wakaenda kwa mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau, na hawakuwa na muda nayo. Maabara wakasema ni ile ile saratani ya utumbo, na imetoka yote waliyoiona.

Nilirudi Rhotia na jibu ambalo kila mtu alilielewa. "Wametoa?" waliuliza. "Wametoa," nilijibu. Wifi yangu aliomba aone kovu, nikamwonyesha mwisho wake kidogo, upande wa mgongoni. Nilirudi kazini ukingoni. Ngazi za stoo nilizipanda kwa kusimama katikati, kama wageni.

Doa la pili lilionekana miaka miwili baadaye, kwenye pafu la kushoto. Hili lilikuwa ndani zaidi. Daktari alisema kulifikia kwa kisu ingebidi kuondoa sehemu kubwa ya pafu, na baada ya upasuaji wa kwanza, na homa ya mapafu niliyoipata mvua za masika, sikuwa na pumzi ya kutoa. Nilipuliza tena kwenye mpira, na mimi mwenyewe niliona mshale haupandi.

"Sasa hii ndiyo ya mionzi," alisema. "Safari hii si kwa sababu unaona aibu."

Alitabasamu. Mimi sikuweza.

Rufaa ilipotoka nilipanda ndege peke yangu, kwa mara ya kwanza maishani. Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni: habari za asubuhi, mayai uyapendaje, mkate bado wa moto. Kule India wakaniambia nivue nguo za juu. Ile picha yangu ya kusimama na nguo zangu ikaishia hapo. Nililazwa chali juu ya mto mkubwa uliofyonzwa hewa hadi ukashika umbo la mgongo wangu, mikono ikiwa juu ya kichwa, na kijana wa kiume akanichora alama kifuani kwa wino. Kisha akaleta mkanda mpana wa kubana tumbo, ili nisipumue kwa nguvu na doa lisichezecheze. Nikaushika mkono wake. Sikuwa na neno la Kiingereza la kile nilichokuwa nacho, kwa sababu jikoni hatukuwahi kulihitaji. Ikabidi niteremshe sketi nimwonyeshe.

Aliutazama ule mfuko, akasema, "Pole," kwa lugha yake, nadhani ilikuwa pole, akaenda kumwita mkubwa wake. Walisimama juu yangu wanne, wakijadiliana kwa vidole na michoro, mimi nikiwa kifua wazi, macho yangu kwenye dari. Mwishowe waliuacha mkanda, wakaweka kifaa cha kufuata kupumua kwangu, mashine iwe inapiga doa likiwa mahali pake tu.

Mionzi yenyewe haikuuma. Mashine ilinizunguka ikinguruma, nikaambiwa nisitikisike, nikatoka nikatembea hadi chumbani na kula wali. Nilirudi mara chache, siku moja ikiachwa katikati, basi ikaisha. Hakuna mshono, hakuna chupa. Wagonjwa wenzangu walikuwa watu dhaifu kuliko mimi, wengi wazee wanaosukumwa kwenye viti. Nikakumbuka swali la daktari, kama tunalinganisha tiba au watu. Uchovu ulikuja baadaye, uchovu wa kulala nikiwa nimeshika kijiko, na kikohozi kikavu.

Nilishuka Karatu wakati wa kuvuna maharage. Uani kwetu walikuwepo akina mama wa jirani wanapepeta, na mume wangu na mdogo wake wanashona magunia. Wanawake walinizunguka kwa furaha. Mmoja wao, mwenye duka pale njia panda, akasema, "Haya mwalimu, tuonyeshe hizo chapati za Kihindi. Maana tumeambiwa hoteli imekupeleka kusomea upishi."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama na sindano ya gunia mkononi, hatazami mtu.

Nilielewa papo hapo. Yule mtu wa maneno machache, aliyekaa nami kwenye benchi Moshi na kunieleza kila kitu kwa upole, kijijini kwake hakuweza kusema mke wangu saratani imemrudia. Doa la kwanza walilijua. La pili alilificha, akaniundia chuo. Na wale wanawake walikuwa wakingoja, unga tayari wameuleta kwenye bakuli.

Ningeweza kukanda. Nimeoka mikate maisha yangu yote, chapati ya aina yoyote ningeibuni. Nilinawa mikono kabisa, nikakaa mbele ya bakuli, nikaweka maji na chumvi, nikaanza. Kisha kikohozi kikanishika, kirefu, na mama mkwe akaniletea maji, na nilipomaliza kunywa niliona siwezi kuendelea.

"Sikwenda kusomea upishi," nilisema. "Nilikwenda kuchomwa mionzi. Ile saratani iko kwenye pafu la pili."

Ungo ulisimama mikononi mwa mtu. Mwenye duka akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wameitoa?"

"Hawaitoi. Wanaiua humo humo ndani."

"Kwa hiyo bado unayo?"

Hilo ndilo swali ambalo mionzi iliniachia, na kisu hakikuniachia. Miezi iliyofuata picha zilionyesha wingu mahali palipokuwa na doa, na daktari mwenyewe alisema hawezi kuapa kama ni kovu au ni ugonjwa, tungoje. Tulingoja. Wingu likasinyaa, likawa mstari. Leo ananiambia mapafu yote mawili ni safi kwa kadiri anavyoona. Ubavu wa kulia unauma baridi ikiingia, na wa kushoto haunikumbushi kitu, lakini ni wa kulia ambao niliuamini mapema. Watu wakiniuliza ipi bora nasema sijui. Mwili wangu mmoja hauwezi kujibu, maana kila dawa ilinikuta nikiwa mtu mwingine.

Siku ile, uani, sikuwa na majibu hayo. Nilisema, "Sijui kama bado ninayo." Mama mkwe akawaambia kitu kwa Kiiraqw, wakarudi kupepeta, taratibu, bila gumzo. Mume wangu alitua sindano, akapita kati yao, akatoka nje ya boma kuelekea shambani ambako hakukuwa na kitu kilichobaki cha kuvuna. Nilimwona mgongo. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya majirani zake, mtu ambaye alitaka tu kunifunika, na yeye hakuwa na mtu wa kumpangusa.

Nilimaliza kuukanda ule unga, kwa kuwa ulikwisha kulowa. Tulizikaanga zile chapati, za kawaida tu, tukala. Yake niliifunika kwa sahani.